Mwanafunzi Wangu Bora Alikwama Wiki Tatu kwenye Tarehe Moja

Mpendwa Mshauri,

Shikamoo kama umenizidi umri, na kama sivyo, habari za kazi.

Ninafundisha uhandisi wa programu chuoni, mwaka wa tatu, na huu ni mwaka wangu wa tisa. Darasa lina wanafunzi 120, muhula una wiki 14, na wiki ya kwanza huliwa na usajili. Nakuandikia kwa sababu nimepewa miezi miwili niuandike upya mtaala wa somo hili "uendane na mahitaji ya soko", na kila nikikaa mezani naandika kichwa, nakitazama, nafuta.

Ilianza hivi. Mkuu wa idara aliwaita waajiri tukae nao nusu siku. Kila mmoja alikuja na orodha yake. Wa kwanza alitaka fremuweki (kiunzi cha kujengea programu) fulani ya JavaScript, lugha ya kuandikia kurasa za wavuti, wa pili akataka nyingine na kuicheka ile ya kwanza, wa tatu akataka wahitimu waliokwisha kuzoea huduma za wingu (kompyuta za kukodi kupitia intaneti) za kampuni moja mahususi. Mmoja alisema waziwazi: "Nadharia wekeni kando, tuleteeni mtu anayeanza kazi Jumatatu." Nilihesabu majina ya zana niliyoyaandika daftarini. Yalikuwa 31, na mimi nina wiki 14.

Upande wa pili yupo mzee wetu wa idara, aliyenifundisha mimi mwenyewe kompaila, yaani programu zinazotafsiri msimbo uwe lugha ya mashine. Alisikiliza mpaka mwisho, akafunika kalamu yake, akasema chuo si karakana, akatoka. Namheshimu sana, na nusu ya moyo wangu ilitoka naye.

Ila kilichoninyima usingizi kilikuja wiki moja baadaye. Alinitembelea binti niliyemfundisha, aliyemaliza wa kwanza darasani, A kila mahali. Ameajiriwa mwaka huu. Akanisimulia kazi ya kwanza aliyopewa: kwenye ripoti moja tarehe ilikuwa inaonyesha mwezi kabla ya siku, akaambiwa aigeuze siku itangulie. Akadhani ni kazi ya saa moja. Kufungua mradi, akakuta maelfu ya mafaili. Akatafuta neno linalohusu tarehe, yakaja matokeo mamia. Akabadilisha mahali pamoja, ripoti nyingine ikaharibika. Kuuliza aliona haya, maana ofisi nzima ilijua kwamba ndiye aliyekuwa wa kwanza chuoni. Ilimchukua wiki tatu. Akaniambia bila kinyongo chochote, "Mwalimu, ulinifundisha kuandika. Kusoma nimekwenda kujifunzia huko, kwa aibu."

Niseme na la kwangu. Sijawahi kufanya kazi kwenye kampuni ya programu zaidi ya mafunzo kwa vitendo ya miezi miwili nikiwa mwanafunzi. Nilimaliza, nikabakishwa chuoni. Waajiri wanapozungumza sijui lipi la kweli na lipi mbwembwe. Juu ya hayo, tangu zana za akili mnemba ziingie, kazi nyingi ninazosahihisha naona zimeandikwa na mashine, na sijui hata alama nampa nani.

Nifute nadharia nifundishe orodha? Au nimfuate mzee, tufunge mlango?

Mwalimu wa Njia Panda

*

Mwalimu wa Njia Panda,

Shikamoo yako nimeipokea nusu, hadi tujue nani kamzidi mwenzake. Nimeandika programu kwa mshahara miaka 18, na minne kati ya hiyo nilifundisha jioni kama mhadhiri wa muda. Kwa hiyo meza ya kikao kama kile chenu nimeikalia pande zote mbili, na kote nimewahi kusema upuuzi.

Tuanze na orodha, maana ndiyo nyepesi. Mchukue mwalimu aliyelijenga somo lake juu ya AngularJS, fremuweki ya JavaScript ya Google. Ilitoka 2010, na kwa miaka kadhaa ikawa ndiyo habari ya mjini. Mwaka 2016 Google wakatoa Angular iliyoandikwa upya, isiyopatana na ile ya kwanza, na mwisho wa 2021 ile ya kwanza wakaacha kuitunza. Aliyejenga juu ya Flash, zana ya katuni na michezo ya kwenye wavuti, aliona Adobe wakiitupa mkono rasmi tarehe 31 Desemba 2020. Mtaala hupita kamati baada ya kamati, na zana inaweza kuzeeka ikiwa bado kwenye foleni ya mihuri. Waajiri wako hawakudanganya, walitaja wanachotumia leo. Lakini huyo anayetaka mtu wa kuanza Jumatatu anakuomba ulipie wewe mafunzo yaliyo juu yake, na hilo unaweza kumwambia kwa heshima zote.

Mzee naye asijifiche nyuma ya neno karakana, kwa sababu somo lako lilizaliwa humo. Oktoba 1968, mjini Garmisch, Ujerumani, NATO ilidhamini mkutano wa watu wa vyuo na watu wa viwanda, kwa vile miradi mikubwa ya programu ilikuwa inachelewa, inapitiliza bajeti na mara nyingine haifanyi kazi kabisa. Jina "uhandisi wa programu" lilichaguliwa makusudi liwe la kichokozi: watu waulizane kwa nini wahandisi wengine wana misingi na nidhamu, na watengeneza programu wanapapasa gizani. Fani iliyoanza na malalamiko ya kazini itaikimbiaje kazi?

Sasa yule binti. Sentensi zake mbili zina uzito kuliko zile zana zote 31, na ningekuwa wewe ningezibandika ukutani.

Hebu fuatilia maisha ya kazi unayowapa wanafunzi. Inaanza tupu. Mwanafunzi anaiandika kuanzia mstari wa kwanza, anaijua kila kona kwa sababu kaijenga mwenyewe. Usiku wa mwisho anaifunga kwenye faili la zipu lenye jina kazi_ya_mwisho_kabisa_2. Wewe unalifungua, unabonyeza mara tatu, unaandika 78, na tangu hapo hakuna binadamu atakayelifungua tena. Msimbo, yaani maandishi ya programu yenyewe, umekufa ukiwa na umri wa wiki tatu. Kazini unakuta msimbo wa miaka 12, uliopita mikononi mwa watu ambao wengine wameshaondoka na hawapokei simu, nawe unatakiwa kugusa mstari mmoja bila kuvunja mingine. Mtu anaweza kuwa hodari wa lile la kwanza na la pili likamshinda, kama mtunzi wa insha nzuri anavyoweza kushindwa kuhariri insha ya mwenzake.

Na wala binti yako si wa kwanza. Mwaka 2008 Andrew Begel na Beth Simon walichapisha utafiti uliowatazama wahitimu wapya wanane wakifanya kazi ndani ya Microsoft. Kuandika msimbo hakukuwa tatizo lao kubwa. Walihangaika kujua taarifa iko wapi, nani wa kuulizwa, na wakati gani wa kuuliza. Wengine walichelewa kuomba msaada wasije wakaonekana hawajui. Kabla ya hapo, mwaka 2000, Timothy Lethbridge wa Chuo Kikuu cha Ottawa alichapisha majibu ya watu waliokuwa kazini aliowauliza walijifunza nini na wanatumia nini. Walisema kalkulasi walisomeshwa kuliko walivyoihitaji, na wakataja upungufu katika mambo kama majadiliano na watu, uongozi, na muundo wa sehemu anayoigusa mtumiaji. Angalia walichokosa. Hata ukizipekua zana 31 za daftari lako, sidhani kama utayaona humo.

Ndiyo maana nakushauri uguse kwanza maisha ya kazi unazotoa, mada utazigusa baadaye. Tafuta mfumo mmoja, usiwe mkubwa, na usife muhula ukiisha. Mimi nilitumia mfumo wa kuazimisha vitabu, kwa sababu kila mwanafunzi anaelewa kitabu kikichelewa kurudi. Kila darasa linarithi ulipoachwa na darasa lililotangulia, pamoja na uchafu wake wote. Usiusafishe. Uchafu ndio somo.

Wiki nne za mwanzo usimruhusu mtu kuandika kipengele kipya. Wanausoma, wanauwasha kwenye kompyuta zao (kazi hii pekee ilikula wiki nzima ya darasa langu, na hakuna aliyewahi kuwapa alama kwa hilo), wanachora faili lipi linaita lipi. Kisha unawapa malalamiko, yaliyoandikwa kama watumiaji wanavyoandika, yaani vibaya. La kwanza kulitoa mimi lilikuwa hili: "Nikitafuta kitabu mfumo unakufa. Jana ulifanya kazi." Basi.

Walitafuta vitabu siku mbili, mfumo ukawa unajibu vizuri tu. Mwishowe msichana mmoja aliyekuwa anakaa nyuma akauliza swali ambalo wenzake hawakuliuliza: alikuwa anatafuta kitabu gani? Kikatajwa kitabu chenye neno ng'ombe kwenye jina. Wakaandika ng'ombe, skrini ikageuka nyekundu. Tatizo lilikuwa ritifaa. Kwenye SQL, lugha ya kuiamuru hifadhidata, maandishi hufungwa kati ya alama iyo hiyo. Hifadhidata ilipoiona ile ya ng' ikadhani neno limeishia hapo, na "ombe" iliyobaki ikashindwa kuielewa ni amri gani.

Hapo ndipo raha ilipoanza. Kundi moja lilifuta ritifaa kabla ya kutafuta: mfumo haukufa tena, ila kitabu nacho hakikuonekana, maana hifadhidata ilikuwa na ng'ombe nao wanatafuta ngombe. Kundi la pili liliizidisha ritifaa iwe mbili, kwenye ukurasa ule mmoja tu. Sehemu ya kusajili wanachama ikaendelea kufa kila jina lenye ng' lilipoingia. La tatu likagundua kwamba maneno ya mtumiaji hayafai kubandikwa ndani ya amri tangu mwanzo, yapitishwe kando kama kigezo, yaani data tupu isiyosomwa kama amri. Mtu akauliza, je, mtu mbaya akiandika amri nzima badala ya jina la kitabu? Darasa likanyamaza. Usalama wa mifumo niliwafundisha siku hiyo bila slaidi hata moja.

Wiki ya nane yabadilishie makundi mradi: kila kundi liache sehemu lililokuwa linaishughulikia, lichukue ya wenzao. Watakuchukia kwa muda. Ghafla watajua kwa nini ujumbe wa "nimerekebisha" kwenye Git, zana inayotunza historia ya mabadiliko ya msimbo, hauna maana, kwa sababu wao ndio watakaokuwa wanasoma "nimerekebisha" kumi na saba mfululizo wakitafuta ni lini kitu kilivunjika na nani alikuwa na sababu gani. Sehemu ya alama za kila kundi itoke kwa waliorithi: je, waliweza kuuwasha kwenye kompyuta safi kwa kufuata maelezo yaliyoachwa? Mabadiliko yoyote yasiingie bila mtu wa kundi lingine kuyasoma na kuandika maoni, na maoni yale uyape alama kama unavyoupa msimbo.

Nikuonye nilikoangukia. Mwaka wa kwanza niliwaacha wanafunzi wote watumie nakala moja, nikaweka siku moja ya mwisho. Siku hiyo mabadiliko yaligongana kama watu kwenye mlango mmoja, nikakesha usiku mbili natenganisha ugomvi wa mafaili. Kwa wanafunzi 120, tengeneza nakala kumi, watu 12 kila moja, na ukubali mabadiliko kila wiki. Yasiyofika wiki hiyo yamekosa basi, yasubiri lijalo.

Nadharia usifute. Rudi kwenye tarehe ya binti. Mwaka 1972 mtaalamu wa kompyuta David Parnas aliandika namna ya kugawa mfumo katika moduli, yaani sehemu zinazojitegemea: kila uamuzi unaoweza kubadilika ufichwe ndani ya moduli moja, wengine wasiujue. Mpangilio wa tarehe ni uamuzi wa namna hiyo hasa. Kwenye ile ofisi ulikuwa umetawanywa kila pembe, ndiyo maana alipogusa huku kukavunjika kule. Naamini ulimfundisha hilo, na huenda kwenye mtihani alilieleza vizuri. Ila alilifundishwa juu ya programu aliyoiandika mwenyewe wiki iliyopita, ambamo hakuna kilichowahi kubadilika, kwa hiyo hakuwahi kuonja maumivu ambayo Parnas alikuwa anayatibu. Mfundishe kanuni wiki moja baada ya mradi kumuumiza. Edgar Codd naye aliandika kuhusu muundo wa uhusiano wa data, yaani kuipanga data katika majedwali, mwaka 1970, na hifadhidata za namna hiyo zingali zinabeba kazi za dunia. Hakuna fremuweki kwenye orodha yako itakayokupa miaka hiyo.

Mzee wako nitamtetea hapa. Aliyepita kwenye kompaila hatapoteza siku nne akijaribu kusoma mabano yaliyoingiana kwa misemo ya utafutaji ya kawaida ("regular expressions", fomula fupi za kutafuta mpangilio wa herufi). Anajua kihisabati kwamba haiwezekani, ataandika kichanganuzi kidogo, yaani programu ya kusoma muundo wa maandishi, ataendelea na maisha. Nimemwona mtu akipoteza siku hizo nne. Mtu huyo alikuwa mimi. Mwombe mzee akupe saa mbili za somo lako mradi utakapofikia kwenye sanduku la utafutaji, aje aeleze kwa nini. Sidhani kama atakataa.

Waajiri waite tena, ila usiwaulize wanataka zana gani. Waulize: mwajiriwa wenu mpya wa mwisho alikwama wapi katika miezi mitatu ya kwanza? Utasikia sauti ikibadilika. Mmoja atasema kijana alibadilisha mafaili 40 kwa mkupuo mmoja, hakuna aliyeweza kuyapitia. Mwingine atasema alikaa kimya wiki mbili. Hayo yaandike. Kisha waombe vitu, maana wamezoea kuomba tu: malalamiko ya zamani yaliyokwisha kufungwa, yakiwa yameondolewa majina ya wateja, mhandisi mmoja saa mbili kwa mwezi apitie msimbo wa wanafunzi na kuusema ukweli, nafasi za mafunzo kwa vitendo zenye kazi halisi ndani yake. Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, kimekuwa kikipokezanisha mihula ya darasani na mihula ya kazini yenye malipo tangu kilipoanzishwa mwaka 1957, na hilo linawezekana kwa sababu waajiri wanabeba upande wao wa mzigo. Anayetaka wahitimu waliopikika bila kuchangia hata kuni, msikilize kwa adabu, usimpe kalamu ya mtaala.

Kuhusu wewe kutowahi kufanya kazi kwenye kampuni: acha kulibeba kama dhambi. Likizo ijayo chagua programu huria (ambayo msimbo wake uko wazi kwa wote) unayoitumia, soma malalamiko yake, chukua dogo kabisa, hata kama ni kosa la tahajia kwenye maelezo, litengeneze ulipeleke. Huenda litarudishwa na maoni makali ya mtu usiyemjua. Lionyeshe darasa lako barua hiyo ya kukataliwa na namna ulivyojibu. Binti yako angekuwa amemwona mwalimu wake akirekebishwa hadharani, akauliza swali na kuendelea, nadhani wiki zake tatu zingekuwa siku tatu.

Akili mnemba nitaipitia haraka, kwa kuwa somo la namna hii linaipunguzia makali. Mashine huandika programu mpya ya kuazimisha vitabu upesi na vizuri. Ndani ya mfumo mkongwe inaweza kubuni faili ambalo halipo, au ikarekebisha ritifaa kwenye ukurasa mmoja kama lile kundi la pili, kwa kujiamini kabisa. Waruhusu waitumie, wataje walipoitumia. Kisha mwite kila mmoja dakika nane, fungua badiliko alilolipeleka, umwambie: ondoa mstari huu, niambie kitaharibika nini. Aliyeuelewa atakujibu, mashine iwe imeandika au haikuandika. Dakika nane mara 120 ni saa 16, najua. Bado ni pungufu ya muda unaotumia kufungua mafaili ya zipu.

Limebaki la mtihani. Kama mtihani wako unafanana na niliokuwa natunga mimi, una swali la "Taja na ueleze hatua za utengenezaji wa programu." Liondoe, uweke hili. Chapisha kurasa mbili za msimbo kutoka kwenye mfumo wao, sehemu wasiyowahi kuigusa. Chini yake andika lalamiko la mtumiaji: "Nimerudisha kitabu kabla ya muda lakini nimeandikiwa faini." Kisha uliza matatu. Ungeanza kuangalia mstari upi, na kwa nini huo? Andika ujumbe utakaomtumia mwenzako anayeijua sehemu hii, usizidi mistari mitano, ukitaja ulichokwisha kujaribu. Taja kitu kimoja ambacho unahofia kitavunjika ukirekebisha. Alama nyingi ziende kwenye la pili.

Kabla hujalipeleka kwa mkuu wa idara, mpe yule binti alijaribu. Akilimaliza chini ya dakika 20, liongeze ugumu.